Kipande Namba Kumi na Saba

Wiki iliyopita, vijana wangu wa gatini, mlinifanyia hafla ya kuniaga. Mkanipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyeacha kazi ana haja kubwa ya kujua ni saa ngapi. Nashukuru. Katikati ya maneno mmoja wenu akasimama akaniigiza: akashika usukani wa hewa, akakunja uso, akasema, "Bado, bado, tuzunguke fungu kwanza!" Mkacheka mpaka soda zikawapalia. Na mimi nilicheka. Lakini niliporudi nyumbani nilijiuliza, miaka yote ile mliyonung'unika kwamba mzee anapoteza mafuta kwa kuzunguka fungu tupu la mchanga, mbona hakuna hata mmoja aliyeniuliza sababu? Labda mlidhani ni uzee. Basi naandika, na atakayechoka aishie hapa.

Habari za vyeo sitaandika. Vilikuja kwa kuchelewa na vilinikuta nimeshazoea kuitwa kwa jina langu.

Niliingia kazini mwaka wa sitini na nne, miezi michache baada ya Mapinduzi, nikiwa na miaka kumi na tisa. Kwetu ni Kikwajuni. Babu yangu alikuja Unguja kutoka Unyamwezi akibeba mizigo ya watu, baba yangu alikuwa kuli, basi kubeba kulikuwa urithi wetu. Bahari sikuijua. Kuogelea nilijua kwa kiasi cha kutokufa karibu na ufukwe. Lakini mabaharia wengi wa boti walikuwa wameondoka au hawaonekani, na wakati ule haikuwa busara kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Palihitajika mikono, nami nilikuwa nayo.

Siku ya kwanza nilipewa ndoo na tambara nisafishe motaboti moja iliyofungwa gatini. Ilikuwa mali ya mtu, sasa ilikuwa mali ya serikali. Chini ya benchi la tezi, nyuma ya boti, nilikuta chupa ya marashi iliyokauka, tasbihi iliyokatika, na kiatu cha mtoto, cha mguu wa kushoto. Nikakishika nisijue nifanye nacho nini. Nyuma yangu sauti ikasema, "Kirejeshe hapo hapo."

Nikageuka. Alikuwa mtu mfupi, mpana, amevaa kofia ya sufi katika jua lile la saa sita. "Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mimi Makame, serahangi, mkuu wa boti hii. We ndo huyo walonletea?"

"Naam. Mwenye kiatu atakuja kukichukua?"

"Hatokuja. Lakini usikitupe baharini. Bahari ishapewa vyake mwaka huu."

Sikutaka kusikia zaidi. Kiatu kilikaa chini ya lile benchi mpaka ngozi ikaoza.

Makame alikuwa mtu wa Tumbatu, na hakukuruhusu usahau hilo. Kwake dunia ilikuwa na Watumbatu na abiria. Mimi aliniita Mnyamwezi mpaka siku niliyofunga kamba vizuri mara ya kwanza, ndipo akaniita Feruzi, na jioni yake akarudia Mnyamwezi nisije nikavimba kichwa. Alinifundisha kushika upondo, ule mti wa kusukumia boti, bila kujitoboa, kusoma maji kwa rangi yake, na kuibembeleza injini, ambayo ilikuwa na tabia za punda: ukiipiga inagoma, ukiisifu inagoma pia, ila ukiiacha kidogo inakwenda. Alinifundisha kuogopa bamvua, siku zile mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, ambapo maji hukauka sana asubuhi, yakaacha mafungu ya mchanga wazi katikati ya bahari, kisha mchana yakarudi kwa haraka na kuyafunika yote. "Maji mafu yanakupa nafasi ya kukosea," alikuwa akisema. "Bamvua halikupi."

Jambo moja la kazi yake nililiona la ajabu. Siku yangu ya tatu tulipakia maofisa wa karafuu kwenda kaskazini. Nikasimama omoni, mbele ya boti, nikaanza kuwahesabu kwa sauti, mmoja, wawili, watatu. Makame akanipiga mkono.

"Hesabu kuni," akasema. "Hesabu samaki. Watu hawahesabiwi."

"Kwa nini?"

"Anohesabu watu huwapunguza. Kwani mama yako akikuhesabuni?"

Kweli, mama alikuwa haturuhusu kuhesabiwa tulipokaa kula. Lakini huyu alikuwa na boti, na boti lazima ijue imechukua nini. Njia yake ilikuwa hii: katika mfuko wa kulia wa koti aliweka komwe, zile kete za kuchezea bao. Kila abiria akipanda, komwe moja inahamia mfuko wa kushoto. Wakati wa kurudi, komwe zinarejea moja moja. Mfuko wa kushoto ukiwa mtupu, watu wametimia, na hakuna aliyehesabiwa. Kisha, kama tumewachukua kutoka funguni au kisiwani, hakuondoka moja kwa moja. Aliizungusha boti mara moja, polepole, akitazama mchanga wote na maji yake. "Komwe ni za mfukoni," alisema. "Macho ni ya Mungu." Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kwa miaka saba, na hatukumwacha mtu.

Miaka ile meli za wageni zilikuwa chache mno. Wageni wenyewe walitazamwa kwa jicho la pembeni, na sisi tuliozungumza nao tulitazamwa kwa macho yote mawili. Mwanzoni mwa miaka ya sabini ndipo ilipoanza kuja meli moja ndogo, nyeupe, yenye mstari wa buluu juu. Makuli wakaiita Kikombe, kwa sababu ilifanana na kikombe cha bati. Ilichukua abiria thelathini tu. Haikuwapeleka watu mijini kununua vitu. Iliwapeleka kusikoendwa: visiwa ambavyo ndege hutaga na binadamu hakai, mapango, miamba, mafungu yasiyo na jina. Walishushwa majini mpaka kiunoni wakapanda mawe kwa magoti, wakarudi wamechubuka na kufurahi. Sisi wakati ule tulikuwa tukipanga foleni ya mchele, na Jumapili tukibeba matofali Michenzani kwa kujenga taifa. Nilimwambia Makame, hawa wametoka mbali kutafuta taabu, na sisi tumeletewa mlangoni. Akacheka mpaka akavua kofia yake.

Kikombe haikuruhusiwa kushusha watu mjini kwa boti zake. Ilikuwa lazima boti ya serikali, yaani sisi. Melini, juu ya ngazi, palikuwa na ubao wenye misumari thelathini, na kila msumari una kipande cha shaba chenye namba. Abiria akishuka, anachukua kipande chake. Jioni au mchana, akipanda boti kurudi, anakitia katika kikapu changu cha ukili. Vipande vikitimia, watu wametimia. Askari wa gatini naye alitazama vipande, si nyuso. Makame alivipenda sana. Akaziacha komwe zake nyumbani. "Wazungu nao hawahesabu watu," akaniambia kwa furaha, kama aliyegundua ndugu zake waliopotea.

Melini alikuwemo mtumishi aliyeitwa Idi, mpeleka chai na chakula vyumbani. Mara ya kwanza nilipomrushia kamba ubavuni mwa meli alinisalimu kwa Kiunguja safi, nikashtuka. Tulisoma skuli moja. Aliondoka mwaka wa sitini na nne pamoja na mjomba wake, bila ruhusa ya mtu, na jina lake lilikuwa katika orodha za waliotoroka. Akikanyaga gati anakamatwa. Mama yake, Bi Zuhura, alibaki Kiponda peke yake, anaumwa, miguu imemvimba. Kila Kikombe ilipokuja, Idi alisimama pale ukingoni mwa meli akiutazama mji wa kwao kwa muda wa saa nane, kisha akaondoka na meli yake. Nami nilimletea habari: leo kanywa uji, leo hakunywa.

Mara ya tatu, mwaka wa sabini na moja kama sikosei, meli ilikaa siku mbili. Siku ya kwanza tuliwapeleka wageni Kendwa. Wakati ule Kendwa ilikuwa kijiji na ufukwe wake, basi. Nilimshika mkono mzee mmoja wa Kizungu asianguke majini. Alikuwa mwembamba, anasafiri peke yake, na alichopenda duniani kilikuwa makombe ya baharini. Alinionyesha moja, dogo kama ukucha, akanieleza jambo refu ambalo sikulielewa, kisha akasema kwa Kiswahili chake, "Asante sana, baba." Mimi baba, yeye ana mvi. Akanunua kofia ya ukili kwa mwanamke mmoja pale, akaivaa hapo hapo. Kipande chake kilikuwa namba kumi na saba. Jina lake nililisikia baadaye mahkamani, na sitaliandika. Si langu kulitembeza.

Asubuhi ya pili nilipofika ubavuni, Idi akanijia mwenyewe. "Feruzi, mama vipi?"

Sikuweza kumficha. "Mbaya. Meli ikirudi tena, sijui kama utamkuta."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Kumi na saba anaumwa tumbo, hashuki leo. Kipande chake kiko ubaoni. Nna shati na kofia na miwani. Nipeleke nikamuone mama angu. Nusu saa tu."

Ningeweza kukataa. Naandika hili kwa herufi zilizo wazi kabisa: ningeweza kukataa. Lakini safari ile walikuwemo wageni kutoka Nairobi, Wahindi na Wagoa, na rangi ya Idi isingemshangaza askari. Na mimi nilikuwa na mama. Nikasema, "Vaa."

Alishuka na kipande cha kumi na saba mkononi, akakaa katikati ya wageni, nao hawakuwa watu wa kumtazama mpeleka chai mara mbili. Makame alikuwa kwenye usukani. Alimtazama mara moja, kisha akaitazama bahari. Nilidhani hakumtambua. Askari wa gatini akaona kipande, akampitisha.

Wageni walitembezwa mjini kwa kundi, na mimi nilifuata nyuma nikibeba mizigo yao. Kundi liliposimama Kiponda kwa fundi wa makasha, ambapo siku zote husimama nusu saa, tukapenya kichochoro. Nikapiga hodi kwa Bi Zuhura.

Hatukumkuta peke yake. Pembeni ya kitanda alikaa jirani yake, Bi Mize, anachambua mchele. Mume wa Bi Mize alikuwa mtu wa tawi la chama, na mdomo wa nyumba ile ulijulikana mtaa mzima.

"Shikamoo, Bi Zuhura," nikasema. "Mimi Feruzi wa boti. Nna mgeni wa melini hapa, anapenda kutazama nyumba za zamani."

Bi Zuhura aliinua uso. Alimtazama mgeni wangu kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akarudi usoni, akakaa hapo. Niliona mkono wake ukishika shuka. Idi alifungua mdomo.

"Huyu mgeni hajui Kiswahili, eti?" Bi Zuhura akasema haraka, sauti kavu. "Basi umfasirie wewe. Mwambie nyumba hii haina cha kutazamwa."

Nikamgeukia Idi nikamwambia maneno mawili matatu ya Kiingereza changu cha gatini. Mtu aliyezaliwa katika chumba kile akaitikia kwa kichwa kama aliyefahamishwa.

"Mbona sura yake kama naijua," akasema Bi Mize.

"Ukishaona Wagoa wawili umewaona wote," Bi Zuhura akamjibu. Kisha akaniambia, "Mwambie amekonda. Huko melini hawampi chakula?"

Nikamfasiria. Idi akajibu kwa Kiingereza. "Anasema anakula vizuri, Bi Zuhura."

"Muongo. Muulize ana mke?"

"Anasema bado."

"Aoe. Mwambie aoe." Akavuta pumzi. "Na mwambie akimuona mama yake amsalimie. Mwambie mama huko aliko hana kinyongo naye. Radhi ya mama haizuiwi na bahari."

Nililifasiri hilo pia, neno kwa neno, kwa Kiingereza kibovu, kwa mtu aliyelisikia kabla yangu. Kazi nyingi ngumu nimefanya baharini. Ile ndiyo ngumu kuliko zote, na niliifanya nimesimama penye sakafu kavu. Hawakugusana. Idi aliinama kidogo, kama wageni wanavyofanya, tukatoka.

Tulipofika nje, Bi Mize naye alitoka mlangoni anavaa buibui mbio mbio, akashika njia ya upande wa tawi. Nikajua anakwenda kusema.

Saa nne, wakati bahari imekauka kabisa, tukawapeleka wageni funguni moja kwa moja kutoka gatini, nusu kwanza na nusu baadaye, kwani boti ilichukua kumi na watano. Idi alikuwa katika nusu ya pili. Hakuwa na njia nyingine ya kurudi melini. Fungu lenyewe mnalijua: refu, limenyanyuka katikati, upande wa kaskazini lina mwamba wenye makombe, na pale juu pana mti wa alama uliosimikwa. Siku ile ilikuwa bamvua. Saa saba ilikuwa lazima tuwe tumeondoka.

Tulipokwenda gatini kuchukua nusu ya pili, boti ndogo ya meli ilileta viti na chakula funguni. Kwa kuwa fungu si mji, hapakuwa na askari wala amri. Na ndani ya boti ile alikuja mzee wa makombe. Tumbo lilikuwa limetulia. Alikitafuta kipande chake ubaoni asikione, na baharia wa zamu akamwambia si neno, ni funguni tu. Haya niliyajua baadaye. Alivuka mgongo wa mchanga kwenda upande wa mwamba, na sisi tuliporudi tulitia nanga upande wa pili. Sikumwona. Hilo nimejiuliza mara nyingi mno, na jibu ni lile lile, sikumwona.

Saa sita na nusu maji yalikuwa yakirudi kwa kasi. Boti ya meli ikabeba viti ikaondoka. Sisi tukachukua kumi na watano tukawapeleka melini, tukarudi kwa waliobaki. Wa mwanzo walidhani mzee yumo kundi la pili. Wa pili walidhani kaondoka na la mwanzo. Kila mmoja akatia kipande kikapuni, na Idi akatia cha kumi na saba. Mimi wakati wote nilikuwa nikitazama upande wa mji, naitafuta boti ya askari.

"Vimetimia?" Makame akaniuliza.

"Vimetimia, thelathini."

Akashika usukani kuuelekeza kaskazini, ili azunguke.

"Serahangi," nikamwambia, "leo tusizunguke. Vipande vimetimia. Twende, maji yanajaa."

Akanitazama. Kisha akamtazama yule mgeni wa tezini mwenye miwani, aliyekaa mikono imekazwa magotini. Akageuza usukani, tukaenda melini moja kwa moja. Miaka saba alizunguka, na siku moja tu akanisikiliza.

Idi akaingia kwa mlango wa watumishi. Vipande vikatundikwa ubaoni, misumari thelathini imejaa. Meli ilikuwa iondoke saa kumi na moja. Saa kumi, kama kawaida, Idi alipeleka chai vyumbani. Sisi tulikuwa ubavuni tukisubiri karatasi za ofisa wa meli. Nilimwona akija ukingoni na sinia mkononi, chai imemwagika yote.

"Feruzi," akasema kwa sauti ndogo. "Kumi na saba hayumo."

Injini, kwa mara moja katika maisha yake, iliwaka papo hapo. Tulipofika hapakuwa na fungu. Palikuwa na bahari, buluu, imetulia, na ncha ya mti wa alama imejitokeza kiasi cha dhiraa moja. Kwenye ncha ile lilifungwa shati jeupe kwa mikono miwili ya shati lenyewe, fundo zuri. Alikuwa ametupungia. Tulizunguka pale mpaka jua likazama, tunazunguka sasa, baada ya kazi kwisha. Siku ya tatu watu wa Mangapwani walimkuta ufukweni kwao. Mifuko yake ilikuwa imejaa makombe.

Ofisa aliyetuhoji alikuwa kijana wa umri wangu, kalamu mbili mfukoni.

"Ulihesabu abiria?" alimuuliza Makame.

"Vipande vilitimia, bwana."

"Nimekuuliza watu, sikukuuliza vipande."

"Watu hawahesabiwi."

Ofisa akamgeukia karani. "Andika, hakuhesabu." Kisha akauliza, "Na vipande vilitimiaje, na mtu kabaki?"

Mimi nilisimama ukutani. Nilijua jibu, na Idi alilijua, na yeye alikuwa keshaondoka na meli yake. Nilisubiri Makame aseme kwamba mimi ndiye niliyeshika kikapu, mimi ndiye niliyesema tusizunguke.

"Nlikosea mie," akasema. "Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi."

Macho yale yalikuwa yakimwona kasa akivuta pumzi mbali ambako mimi niliona maji tu. Ofisa akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina. Wanangu, neno hilo nimelibeba kuliko mzigo wowote wa babu yangu. Niliogopa, na woga ukanishinda, na sina jina lingine la kuupa.

Makame alifungwa miaka miwili. Mimi nikapewa usukani wa boti yake.

Bi Zuhura alikufa kabla Makame hajatimiza miezi miwili ndani. Nilikwenda kumtazama siku chache kabla. Alikuwa peke yake. Akaniuliza, "Yule mgeni wenu alifika salama melini?"

"Alifika."

"Alhamdulillahi," akasema, akafumba macho. Nilibeba jeneza lake, na Bi Mize alilia kuliko wote msibani. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza alikuwa anakimbilia wapi asubuhi ile. Alifikiri sana kabla ya kukumbuka. Alikuwa anawahi nazi, zilikuwa zimeletwa dukani, na wakati ule ukichelewa hupati.

Nilianza kuhesabu watu tangu wiki ile. Nawagusa bega, kwa sauti, mmoja mmoja, na Watumbatu wengi wamenitukana kwa hilo. Vipande nahesabu pia. Na kisha nazunguka fungu. Nimezunguka kwa zaidi ya miaka thelathini na sijamkuta mtu, na kila mara natazama upande wa mwamba kwanza. Nyinyi nanyi fanyeni hivyo. Mafuta yatapatikana.

Makame alipotoka hakurudi kazini. Nilimfuata kwao Tumbatu. Nilimkuta amekaa mlangoni kwake, miguu imenyooshwa, mmoja haukunjiki tena, kofia ya sufi ile ile. Alinitukana kwa kuchelewa kuja, akaniletea pweza. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na nilipoanza kusema akanikatiza.

"Nlimjua tangu anashuka ngazi," akasema. "Ana mwendo wa baba yake."

"Mbona hukunitaja, serahangi?"

"Yule Mzungu keshakwenda. Ningesema, angerudi?" Akainua mkono wake, akakunja kidole kimoja. "Idi." Akakunja cha pili. "Mama yake." Cha tatu akakikunja pole pole, akinitazama. "Nawe, Mnyamwezi." Akavishika vile vidole vitatu kwa mkono wa pili. "Mle ndani kila siku nkiwahesabu. Mie, nsohesabu watu. Nkiona bado watatu, nalala."

Nikala pweza. Sikumwambia kwamba walikuwa wamebaki wawili.